Kabla hujajaza fomu ya unesi: KMTC, chuo cha misheni au chuo kikuu?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, simu yangu haipoi. Jirani wa zamani wa Kakamega, mzee wa kanisa, binamu wa Bungoma ambaye huwa hanipigii mpaka pawe na jambo: wote wanauliza swali moja. Mtoto anataka unesi, tumpeleke wapi?

Mimi ni muuguzi. Nilisoma diploma, nikafanya kazi Kakamega kabla ya kuhamia Kisumu, na sasa sehemu ya kazi yangu ni kuwapokea wanafunzi wanaoletwa wodini kujifunza. Nawapata wa kila chuo. Wiki ya kwanza huwa siulizi wametoka wapi, lakini kufikia Ijumaa nimeshajua, kwa jinsi mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa akitafuta mshipa.

Mwaka huu swali limeingia nyumbani kwetu. Binti wa dada yangu amepata C+ na masomo yake yamekaa vizuri, kwa hiyo milango yote mitatu iko wazi kwake: KMTC, yaani chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, chuo cha misheni, na chuo kikuu. Baba yake, shemeji yangu, anauza maziwa kule Vihiga na ana watoto wengine watatu shuleni. Haya ninayoandika ni yale niliyowaambia jioni ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nikiwa kwenye matatu nikirudi Kisumu.

Nani anaruhusiwa kupita mlango upi

Hapa sitakawia. Diploma ya uuguzi, ile ya miaka mitatu, inataka wastani wa C, na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Ni ile ile, uisomee KMTC au misheni. Digrii ni miaka minne, na inataka wastani wa C+, pamoja na C+ katika lugha, Biolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Hiyo Hisabati ndiyo inayowaangusha wengi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata wastani wa B- na tukampigia vigelegele, kumbe Hisabati ana C na Fizikia hakufanya. Mlango wa chuo kikuu ukafungwa pale pale, B- yake akiwa ameishika mkononi. Wenye C- wana cheti cha uuguzi, lakini huo ni mjadala mwingine.

Kuna mlango wa nne ambao si mlango. Mjini utaona mabango ya vyuo vinavyofundisha "usaidizi wa uuguzi" kwa miezi sita au mwaka mmoja, na kwenye picha kuna msichana aliyevaa sare nyeupe na kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani ni kazi halali, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mzazi kwamba mtoto atatoka pale akiwa nesi. Hatakuwa. Baraza la Wauguzi la Kenya halimsajili mtu kwa kozi hiyo, na bila Baraza huna leseni. Nimemwona mama akilia kwenye benchi la hospitali kwa sababu aliuza ng'ombe wawili kulipia kozi ya namna hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote, kabla hujauliza karo, ni hili: je, Baraza limeidhinisha kozi hii, katika kampasi hii? Msisitizo uko kwenye "kampasi hii". Chuo kinaweza kuwa na idhini mji mmoja na kisiwe nayo mji mwingine. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya Baraza. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani mwa ofisi ya usajili. Swali la pili: wanafunzi wenu hupata indeksi lini? Indeksi ni ile nambari ambayo Baraza humpa mwanafunzi kumtambua. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiye na indeksi anakalia kuti kavu.

Wodi ndiyo darasa lenyewe

Watu hulinganisha vyuo kwa majengo. Shemeji yangu alivutiwa na geti. Mimi nilimwambia asahau geti, aulize mtoto atapelekwa hospitali gani, na huko watakuwa wanafunzi wangapi kwa mgonjwa mmoja.

KMTC ilianza 1927 na leo ina kampasi zaidi ya 70. Ukanda wetu tu una Kisumu, Kakamega, Nakuru, Eldoret, Kisii, Bungoma, Webuye, Busia, Siaya, Homa Bay, Vihiga na nyinginezo, ingawa si kila kampasi inafundisha diploma ya uuguzi. Ukubwa huo ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Kampasi za miji mikubwa zimeegemea hospitali za rufaa, na hospitali ya rufaa ni shule ambayo huwezi kuijenga kwa pesa. Kisumu kuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo hadi leo kondakta wa matatu akiitangaza husema "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Ukikaa pale mwezi mmoja utaona mambo ambayo hospitali ndogo huyaona kwa mwaka: majeruhi wa ajali za boda, kifafa cha mimba, watoto wenye selimundu waliolemewa na maumivu, watu wa kusafishwa damu. Nakuru nako kuna hospitali ya rufaa ambayo wengi bado wanaiita PGH, na jengo lake la akina mama na watoto halijui usingizi.

Sasa tatizo. Hospitali hizo hazipokei chuo kimoja. Asubuhi moja wodini kwangu niliwahi kuhesabu wanafunzi kumi na wanne wamemzunguka mgonjwa mmoja: wa uuguzi kutoka vyuo vitatu, wa udaktari, wa uafisa wa tiba, na mmoja wa lishe ambaye nadhani alikuwa amepotea njia. Mgonjwa alikuwa na kidonda cha kufungwa upya. Aliyekifunga ni mmoja. Kumi na watatu walitazama migongo ya wenzao, na jioni wote wakaja na vitabu vyao vya kumbukumbu wakitaka sahihi.

Hicho kitabu cha kumbukumbu nakuomba ukielewe, maana maisha ya mwanafunzi wa uuguzi yamo ndani yake. Kila kazi inayotakiwa, kutia mpira wa mkojo, kuweka dripu, kuzalisha, kupima mjamzito, ina nafasi yake, na muuguzi aliyekusimamia hutia sahihi. Kitabu kikijaa uongo, nesi atatoka mtupu. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilipelekwa hospitali moja, nisiyoitaja, ambako tulikuwa wengi kiasi kwamba msimamizi alikuwa anatia sahihi za wiki nzima siku ya Ijumaa saa kumi bila kuinua macho. Niliondoka pale na kitabu kilichojaa na mikono isiyojua kitu. Nilijifunza kuzalisha baadaye, katika hospitali ndogo ya wilaya, usiku, taa ikiwa ya simu, na mama mmoja mkunga aliyekuwa karibu kustaafu akiniambia, "Wewe usinitazame mimi, tazama mtoto."

Ndiyo maana siwezi kuzicheka hospitali za misheni. Mukumu, Mumias, Nyabondo, Kendu Bay: ni hospitali za kanisa zenye vyuo vyao vya uuguzi hapo hapo uani. Wanafunzi ni wachache. Hosteli iko hatua mia moja kutoka wodi ya uzazi, na saa nane za usiku mama akifika, mwanafunzi wa zamu anaamshwa. Mwalimu aliyekufundisha darasani Jumatatu ndiye anayekukuta wodini Jumanne, na anajua kama ulisoma au ulisinzia. Wasichana wanaotoka huko wakija kwangu, wodi ya uzazi huwa nawaachia mapema. Mikono yao imetulia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisahau mpaka liwapate: migomo. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Wodi za kaunti zilibaki na vitanda vitupu, na mwanafunzi huwezi kujifunza uuguzi kwa kitanda kitupu. Wagonjwa walikimbilia misheni, kwa hiyo kule wanafunzi walifanya kazi hadi miguu ikavimba, huku wenzao wa hospitali za umma wakihesabu miezi. Sisemi misheni haina shida zake. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hospitali za kanisa zimekuwa zikilalamika kwamba malipo yanachelewa, na hospitali isiyolipwa hupungukiwa na dawa, kisha na wagonjwa. Uliza wakati huu, mwaka huu, vitanda vimejaa au vipi.

Tena misheni ina upungufu ambao walimu wake wenyewe wanaukubali: aina za magonjwa si nyingi kama za rufaa. Kwa hiyo wanafunzi hupelekwa kwingine kwa majuma kadhaa. Kwa afya ya akili, wengi kutoka vyuo mbalimbali hufika hadi Mathari, Nairobi. Hayo si mabaya, lakini kuna kodi ya chumba, kuna nauli, na kuna chakula cha Nairobi. Sheria nazo ni kali. Geti linafungwa mapema, ibada ni lazima, na simu ukiwa zamuni ni kesi. Wapo wanaoona ni gereza. Mimi naona ni jambo la tabia ya mtoto. Wako unamjua mwenyewe.

Chuo kikuu je? Maseno, Masinde Muliro, Moi, Egerton, na vya binafsi kama Kabarak na Uzima, vyote vina digrii ya uuguzi. Tazama ramani kwanza. Masinde Muliro iko mjini Kakamega, na hospitali ya kaunti iko mjini humo humo. Moi na Egerton zina kampasi kuu za mbali, Kesses na Njoro, lakini masomo ya afya yako Eldoret na Nakuru mjini, karibu na hospitali kubwa. Maseno iko Maseno, na Russia iko Kisumu. Mwanafunzi akiingia miaka ya wodini lazima ajue atalala wapi. Wanafunzi wa digrii nawapenda kwa maswali yao. Ndio watakaoniuliza kwa nini dawa hii na si ile, na wakati mwingine inanibidi nikasome. Mwanzoni huwa wazito wa mikono, kwa kuwa wameanza na vitabu vingi. Wakifika mwaka wa nne tofauti hiyo imekwisha, au imebaki kwa wale waliokuwa wakikwepa zamu za usiku.

Namna ya kupima bila kudanganywa

Ushauri wangu kwa mzazi: usiende chuoni siku ya maonyesho. Nenda hospitali ambako chuo kinapeleka wanafunzi, siku ya kawaida, saa mbili asubuhi, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Hesabu sare kwenye wodi moja. Angalia kama kuna mwalimu wa chuo kati yao. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye kibanda cha chai, mnunulie mandazi, umwulize: wewe mwenyewe, kwa mikono yako, umezalisha akina mama wangapi? Sio walioandikwa kitabuni. Atacheka kidogo, halafu atakwambia ukweli. Muulize pia kama chumba cha mazoezi, kile chenye midoli ya kujifunzia, huwa wazi Jumamosi au hufunguliwa tu Baraza likija kukagua.

Halafu kuna mtihani. Kumaliza chuo si kupata leseni. Wote, wa diploma na wa digrii, hufanya mtihani wa Baraza, na usipoupita unabaki na cheti cha kupamba sebule. Kila chuo kitakwambia wanafunzi wake "wanafanya vizuri". Usikubali asilimia pekee. Uliza: darasa lililoingia lilikuwa na watu wangapi, waliofika kwenye mtihani wa Baraza wangapi, na waliopita mara ya kwanza wangapi? Chuo kinaweza kujisifu kwamba wote walipita, kumbe kati ya hamsini walioingia, thelathini tu ndio walioruhusiwa kufika kwenye mtihani, wale wengine wakachujwa au wakashindwa na karo njiani.

Hili la Wamarekani nalionea wivu. Kule kuna vyuo vya jamii ambavyo mtu husomea uuguzi kwa miaka kama miwili, kwa karo nafuu, kisha anakaa mtihani wa leseni, NCLEX, ule ule anaofanya mwenye digrii. Na bodi za majimbo huchapisha kiwango cha kufaulu cha kila chuo, mzazi anajisomea akiwa kitandani. Sisi mpaka tununue mandazi.

Pesa, na miaka inayofuata

Sitataja karo kwa sababu hubadilika, na mtu atakuja kunishika shati. Kwa mpangilio: KMTC kwa kawaida ndiyo nafuu, misheni iko juu yake, na vyuo vikuu vya binafsi viko juu kabisa. Karo ya chuo kikuu cha umma inategemea umewekwa kundi gani katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, kwa hiyo watoto wawili wa darasa moja wanaweza kulipa tofauti. Nafasi za KMTC siku hizi zinaombwa kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, sawa na za vyuo vikuu, na mwanafunzi wa KMTC anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kwa misheni uliza wazi ni msaada gani unapatikana, na kama karo hulipwa kwa vipande. Wengi niliosoma nao walivuka kwa basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na harambee moja ya kanisa.

Karatasi ya karo usiisome mstari wa chini pekee. Tafuta sare (seti mbili haziwatoshi), viatu, saa ya kubandika kifuani, ada ya indeksi, ada ya mtihani wa Baraza, bima, na malazi wakati wa kupelekwa hospitali za mbali. Hapo ndipo masomo ya wengi hukatikia, mwaka wa pili, kwa pesa ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya kwanza.

Sasa tofauti kubwa ya digrii na diploma. Wa diploma akipita mtihani wa Baraza anapata leseni na anaweza kutafuta kazi. Wa digrii ana mwaka mmoja zaidi wa uanagenzi hospitalini, na miaka ya karibuni tumeona wauguzi na madaktari wanagenzi wakikaa nyumbani miezi wakingoja kupangiwa vituo. Kwa hiyo minne ni mitano, na mitano inaweza kuwa na mkia. Lakini akishaingia kazini serikalini, mwenye digrii huanzia kundi la mshahara la K wakati wa diploma anaanzia H, na pengo hilo utaliona kwenye kila hati ya mshahara. Nimemsimamia mwanafunzi wa digrii wodini, nikamfundisha kuweka dripu, akarudi miaka miwili baadaye akiwa juu yangu. Tulisalimiana vizuri tu. Chai nilikunywa bila sukari siku hiyo.

Diploma si mwisho wa barabara. Unaweza kufanya kazi, kisha ukaongeza stashahada ya juu ya upasuaji au ya wagonjwa mahututi, au ukaingia chuo kikuu kwa muda mfupi kuliko ile miaka minne. Ninaowafahamu waliofanya hivyo walichoka, kwa sababu ni kusoma ukiwa na zamu za usiku na mtoto mgongoni, lakini walijilipia wenyewe. Na kwa wenye macho ya ng'ambo: Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na wauguzi waliosajiliwa kwa diploma wamekwenda na wanafanya kazi. Kinachowachelewesha wengi si diploma, ni mtihani wa Kiingereza na gharama ya makaratasi.

Kwa binti wa dada yangu

Kama angekuwa na baba mwenye mshahara na uvumilivu wa miaka mitano, ningemwambia ajaze Masinde Muliro kwanza, kwa sababu ya hospitali kuwa mjini hapo hapo, kisha Moi. Nisingepepesa macho. Pengo la K na H si dogo.

Lakini namjua shemeji. Maziwa ya ng'ombe watatu hayangojei uanagenzi. Kwa hiyo nilisema diploma, na KMTC, ila si lazima ile ya mji mkubwa. Kampasi iliyo karibu na hospitali ya kaunti yenye wodi ya uzazi iliyojaa na vyuo vichache vinavyoigombania, hiyo ndiyo ninayoitaka, na hizo ziko kadhaa huku Magharibi. Russia ataiona akipelekwa kwa majuma yake. Mukumu nimeiweka ya pili, si kwa ubora, kwa pesa. Dada yangu akipata basari ya maana nitazigeuza.

Shemeji hakupendezwa. Anataka joho, na picha ya joho kwenye ukuta ulio mkabala na mlango. Nilimwambia KMTC nao wanavaa joho siku ya mahafali, akanitazama kama mtu anayeuziwa maziwa yenye maji.

Binti mwenyewe alikuwa kimya muda wote. Tulipokuwa tunaondoa vikombe akaniuliza, "Mama mdogo, ukiwa mwanafunzi, yule mtoto wa usiku ule, alilia mara moja?" Nikamwambia hapana, tulimsugua mgongo kwanza. Akataka kujua tulimsugua kwa nini, na kwa muda gani, na kama hakulia tungefanya nini. Alhamisi nina siku ya mapumziko. Tutaenda naye Mukumu saa mbili asubuhi, halafu Vihiga, tukahesabu sare.